Viatu Ambavyo Bado Havijauzwa

Kama gazeti la wiki iliyopita lilifungiwa sabuni kabla hujalisoma, pole, nakupa kwa kifupi. Mimi ni yule mama wa duka kubwa. Nilianza kwenye rejista, nikaondolewa kwa kosa la kumwambia mteja ukweli. Nikapelekwa kwenye mafriji ya nyama, nikashikwa na mafua mpaka meneja akasema chafya zangu zinafukuza wanunuzi. Nikahamishiwa idara ya viatu kubandika bei, na tangu siku hiyo jina langu kazini ni Mama Stika.

Huko viatuni ndiko meneja aliponiambia neno nililolisubiri miaka yote ya kibarua.

"Maliza mwezi huu bila kosa, nakupa ajira ya kudumu. Ukipata kosa hata moja, mlango wa nyuma unaujua."

Naujua, kwa nini nisiujue? Ndio huo huo tunaoingilia.

Tuliachana pale mume wangu aliporudi nyumbani jioni, mikono kaificha mgongoni, uso wa mtu aliyevunja sahani ya mgeni. Mume wangu ni kinyozi. Nikadhani mwenye chumba kamfungia kibanda tena. Kumbe wapi! Kaleta mikono mbele, na mkononi kashika viatu.

"Vya nani?" nikamuuliza.

"Vyako."

"Nani kafa?"

Msinishangae. Mume wangu ni mtu mwema, lakini tangu anioe hajaninunulia hata kandambili. Siku ya harusi yetu alivaa viatu vya kuazima, na mwenye viatu akaja kuvidai kabla wageni hawajanawa mikono. Bwana harusi akaaga watu kwa soksi. Leo mtu huyo huyo ananiletea viatu vyekundu, ngozi inang'aa mpaka unajiona meno, kisigino cha heshima, na mbele kila kimoja kina ua la rangi ya dhahabu.

"Umevitoa wapi?"

"Mke wangu, ukipewa vaa. Maswali waachie polisi."

Nikavaa. Vikanikaa utadhani fundi alikuja kunipima nikiwa usingizini. Nikatembea navyo sebuleni, nikaenda jikoni, nikarudi, nikaenda tena. Chakula kikaungua. Mume wangu akala bila kulalamika, na hilo peke yake lingenitosha kujua kwamba kuna jambo. Lakini nani ana akili ya kuchunguza akiwa na viatu vipya?

Kesho yake nikavivaa kwenda kazini.

Sasa niwaeleze sheria ya dukani kwetu, maana bila hiyo hamtanielewa. Mfanyakazi hatoki na kitu kinachofanana na bidhaa ya duka mpaka kiwe na alama. Asubuhi unapita mlango wa nyuma, mlinzi anakagua ulichonacho, mwavuli, losheni, viatu, na kila kitu anakibandika stika ya kijani. Jioni ukitoka anatafuta kijani chake. Kisicho na kijani ni cha duka, hata kama ulizaliwa nacho. Kuna mwenzetu aliwahi kunyang'anywa mwavuli wake mwenyewe siku ya mvua, ikabidi aununue. Wakampa bei ya punguzo na kumwambia ashukuru.

Mlinzi mwenyewe tunamwita Mashine, tangu ile mashine ya mlangoni ya kupiga kelele ilipoharibika na yeye akachukua kazi yake, kelele na kila kitu.

"Mama Stika, inua mguu," akasema, stika ya kijani iko tayari kidoleni.

"Mashine, kaka yangu, hiyo utabandika wapi?"

"Ubavuni hapo."

"Ukibandua itatoka na ngozi. Stika hizi mimi ndiyo kazi yangu, nazijua. Gundi yake haina utu."

"Basi kwenye soli."

"Nitaikanyaga, itabaki ngazini."

Mashine akainama, akavitazama viatu vizuri, akaguna.

"Kweli, kuvichafua hivi ni dhambi," akasema. "Pita zako, dada. Na umpongeze shemeji, safari hii kajitutumua."

Nikapita. Mimi, ninayebandika stika kutwa nzima mpaka nalala nazo kwenye nywele, siku ile moja nikakataa stika moja. Mdomo huponza kichwa, wahenga walisema, na wahenga hawakuwahi hata kufanya kazi dukani.

Asubuhi ile nilitembea kati ya rafu kama mwenye duka. Mnaoingia kwetu kununua hamjui tunavyoishi. Hakuna kukaa. Viti vyote ni vya wateja. Unasimama tangu mlango ufunguliwe mpaka ufungwe, unatabasamu, na muziki ni ule ule unazunguka mpaka mume anakuamsha anakuuliza unamwimbia nani. Mteja anajaribu jozi za rafu nzima, halafu anakushukuru, kumbe alikuwa anapumzisha miguu. Mwingine anaacha kiatu kimoja hapa, cha pili unakiokota kwenye vitunguu. Wewe tabasamu tu. Mteja ni mfalme, na wafalme tunao mia kwa siku.

Lakini siku ile wafalme walinitazama mimi.

"Dada, hivi ulivyovaa viko rafu gani?" mama mmoja akaniuliza.

"Hivi haviuzwi hapa, mama," nikamjibu, shingo ndefu. "Nimeletewa na mume wangu."

"Mume wangu, mume wangu," akanibeza Redio kutoka upande wa pili wa rafu. Redio ni mwenzangu wa idara ya viatu, tumempa jina hilo kwa sababu hazimi. "Tumechoka sasa. Njoo unisaidie mzigo, bibi harusi."

Watu wa stoo walikuwa wametushushia maboksi mapya. Mzigo huo meneja alikuwa akiupigia tarumbeta wiki nzima. Viatu vilivyotengenezwa kwa ajili ya duka letu tu, havipatikani kwingine popote, vinaanza kuuzwa Jumamosi. Redio akachana boksi la kwanza, akafunua karatasi, akanyamaza.

Redio hanyamazi. Nikajua humo ndani kuna maiti.

"Mama Stika," akanong'ona, "njoo uone miguu yako."

Nikachungulia. Viatu vyekundu. Ngozi inang'aa. Ua la dhahabu.

"Vinafanana tu," nikasema.

Redio akatoa kimoja, akakigeuza soli. Nembo ya duka letu imechapwa pale, kubwa, hata kipofu angeisoma kwa kidole.

"Inua mguu," akasema.

Mara ya pili asubuhi moja naambiwa niinue mguu. Nikainua. Nembo ikamcheka Redio kutoka chini ya kisigino changu. Wallahi nilihisi ile sakafu yetu inayopigwa deki kila saa inanikimbia.

"Na humu jozi moja haimo," Redio akasema, mkono wake ukipapasa nafasi tupu. "Boksi lilishafunguliwa, likafungwa tena. Tazama utepe huu wa kahawia, ni wa ofisini. Mama Stika, umeingiaje stoo?"

"Sijaingia! Redio, nakuomba, leo tu, zima."

"Mimi? Mimi ni kaburi."

Kaburi hilo lilikuwa na milango miwili na dirisha. Kabla sijafika mwisho wa rafu, kipaza sauti kikakata muziki kikaniita ofisini. Wateja wakageuka. Nikawatabasamia, mazoea yana nguvu.

Ofisini nikawakuta watatu. Meneja nyuma ya meza, Mashine mlangoni, na mhasibu katikati kasimama. Mhasibu wetu ni mke wa meneja, na ni binti wa mwenye duka. Yaani meneja anatuamuru sisi, mhasibu anamwamuru meneja, na hivyo ndivyo duka linavyokwenda.

Meneja alipoona miguu yangu rangi ikamtoka. Nikadhani ni hasira.

"Vua," mhasibu akasema. "Weka mezani."

Nikavua. Soksi yangu ilikuwa na tundu, kidole gumba kikatoka nje kusikiliza kesi.

"Umevitoa wapi?"

"Nimeletewa na mume wangu, bosi."

"Mumeo anafanya kazi gani?"

"Kinyozi."

"Siku hizi vinyozi wanauza viatu?"

"Bosi, nilikuja navyo asubuhi kutoka nyumbani. Muulize Mashine, alivikagua kwa macho yake."

Sote tukamgeukia Mashine. Mashine akatazama dari. Nikaona jinsi akili yake inavyopiga hesabu. Akisema ndiyo, ataulizwa stika ya kijani iko wapi.

"Asubuhi watu wanakuwa wengi, bosi," akasema. "Miguu ya watu siikumbuki."

"Mashine! Si wewe uliyeniambia nimpongeze shemeji yako?"

"Shemeji yupi?"

Basi. Miaka yote ile nimegawana naye chakula changu cha mchana, siku ya shida hata shemeji hana.

"Mimi naona tusiikuze sana hii habari," meneja akasema haraka haraka. "Viatu vimerudi. Mama huyu apewe onyo, aende zake akafanye kazi. Wateja wanasubiri."

Nikataka kumbusu mkono. Meneja yule, anayekata mshahara mtu akichelewa kwa kwenda msalani, leo ananitetea! Nikasema moyoni, kweli usimhukumu mtu kwa uso.

"Onyo?" mhasibu akasema. "Ufunguo wa stoo tunao wawili tu, wewe na mimi. Mtu kaingia bila kuvunja, kachukua, kafunga boksi kwa utepe wetu. Huyu mama hata ngazi ya stoo haijui. Kuna mtu nyuma yake. Mpigie mumeo simu. Weka sauti ya nje, tusikie sote."

Nikapiga. Simu ikapokewa katikati ya mngurumo wa mashine ya kunyolea.

"Mume wangu, vile viatu ulivinunua wapi?"

"Kwani vinabana?"

"Sasa hivi vinanibana sana. Nijibu."

"Si nilikuambia maswali waachie polisi?"

"Ndio wanaofuata."

Mashine ya kunyolea ikazimwa. Sijui ni kichwa cha nani kilichoachwa nusu, namwombea radhi.

"Basi usikasirike, mama," mume wangu akasema, sauti imeshuka. "Sikununua. Kanipa dada. Yeye kavipewa na mchumba wake, vikambana, akaona hasara kuvitupa. Akasema nikupe wewe, ila nisikwambie vimetoka kwake, kwa sababu una kiburi, hutavaa."

Hilo nalo ofisi nzima ikalisikia.

"Mchumba yupi?" mhasibu akaniuliza kwa kunong'ona. Nikarudia swali.

"Unauliza mchumba yupi, kwani ana wangapi? Si huyo mzee anayekuja Jumapili kuchumbia rasmi! Huyo anayeingiza bidhaa kutoka nje. Viatu vyenyewe alisema vimetoka kiwandani moja kwa moja, hata dukani havijafika. Huyo maskini aliyefiwa na mkewe."

"Maskini," mhasibu akasema, akatikisa kichwa. "Mungu amrehemu mama wa watu."

Meneja akakohoa. Akaendelea kukohoa mpaka Mashine akampa maji.

Nikaikata simu. Habari ya mchumba huyo nilikuwa nayo, ila kwa masikio tu. Wifi yangu, mdogo wake mume wangu, alikuwa amempata mtu mzima mwenye gari na mkono mwepesi wa kutoa. Kila akija kwa mama mkwe, mimi niko zamu. Nikitoka zamu, yeye kashaondoka, imebaki harufu ya marashi na sifa. Sijawahi kumwona hata kisogo.

"Mashine, nifuate," mhasibu akasema. "Nataka nikaione kufuli ya stoo mwenyewe. Wewe mama usitoke hapa."

Wakatoka. Mlango ukafungwa. Tukabaki wawili, mimi na soksi yangu, na meneja na glasi yake ya maji.

"Shemeji," meneja akasema.

Nikageuka kuangalia nyuma. Hakuna mtu.

"Shemeji, tuyamalize wenyewe haya."

"Bosi, unamwita nani?"

Meneja akainuka, akazunguka meza, akaja karibu. Jasho lilikuwa limemlowesha kola.

"Wifi yako ni yule mwenye mwanya? Anakaa na mama yake, nyuma ya karakana ya mbao?"

"Ndiye huyo."

"Basi."

"Basi nini?"

"Basi ni mimi."

Nikakaa. Kiti cha nani, sijui, nilikaa tu. Ndiyo mara ya kwanza kukaa kazini tangu niajiriwe.

"Wewe ndiye uliyefiwa na mke?"

"Shemeji, tafadhali..."

"Marehemu katoka hapa sasa hivi kwenda stoo!"

"Punguza sauti!" Akachungulia dirisha la kioo linaloangalia dukani, akateremsha pazia. "Nilimwambia wifi yako hivyo mwanzoni, nikashindwa kurudi nyuma. Maneno yakishatoka yametoka. Ningejua wewe ni wa nyumba ile, ningeanza mimi kukimbia. Nisikilize sasa. Mke wangu akirudi, sema umevichukua wewe."

"Nini?"

"Sema stoo uliikuta wazi, shetani akakupitia. Lia kidogo. Mimi nitakutetea, nitasema ni kosa la kwanza, asamehewe. Unapewa onyo tu. Mwisho wa mwezi ajira ya kudumu hii hapa, na usimamizi wa idara ya viatu juu yake. Redio atakuwa chini yako."

Mtaniona mnyonge, lakini hapo kwenye Redio moyo wangu ulitikisika.

"Na nikisema kweli?"

"Ukisema kweli, baba mkwe wangu ananifukuza kabla ya jua kuzama. Nikifukuzwa mimi, hiyo ajira utapewa na nani? Na huko kwenu, wifi yako ataonekana mwizi wa waume, na mama yake, mama wa watu, Jumapili atawaambia nini majirani?"

Alikuwa na hoja. Ndilo linaloniuma mpaka leo, mtu wa ovyo vile kuwa na hoja.

Wifi na mimi tukitiwa chungu kimoja hatuivi, hilo mtaa mzima unalijua. Angeaibika yeye peke yake, ningevumilia, labda hata ningenunua soda. Lakini mama mkwe ni habari nyingine. Mama yule aliachwa na watoto wawili mgongoni, akawalea kwa kushona mashuka mpaka macho yakamchoka, na hajawahi kumwomba mtu hata chumvi. Jumapili hii ndiyo siku yake. Kapaka rangi kuta kwa mkono wake mwenyewe, kiuno kikamshika, akajinyoosha akaendelea. Ananisema sana, kila sufuria yangu ina kasoro. Lakini nampenda, ingawa hanipi nafasi ya kumwambia.

Upande wa pili, ni jina langu. Umaskini wangu wote ule, mwizi sijawahi kuitwa.

"Siwezi," nikamwambia meneja. "Nitafutie uongo mwingine."

"Hakuna muda wa mwingine!"

Na kweli haukuwepo. Mlango ukafunguliwa.

"Kufuli ni zima," mhasibu akasema, Mashine kamganda nyuma. "Maana yake huyo mchumba mfanyabiashara ana mshirika wake humu ndani. Anakula na mtu wetu. Mama Stika, anakuja kuchumbia Jumapili, siyo? Na mimi nitakuwepo. Nataka nimtazame machoni." Akamgeukia mumewe. "Utanipeleka."

"Jumapili?" meneja akasema. "Jumapili si nakwenda kuhesabu mzigo tawi la pili?"

"Kila Jumapili unahesabu mzigo tawi la pili. Hii utapumzika."

"Lakini baba yako..."

"Baba nitamwambia mimi."

Nikamtazama meneja, meneja akanitazama. Nikaiona Jumapili yote pale pale. Mama mkwe mlangoni na nguo yake mpya, wifi kajipamba, majirani wamejaa, na mchumba anaingia kashikwa mkono na marehemu.

"Mpigie mama mkwe wako, umwambie tunakuja," mhasibu akasema.

"Simu yangu imeishiwa salio, bosi."

"Si umepiga sasa hivi?"

"Ndipo lilipoishia."

Akaichukua simu mezani, akatafuta jina mwenyewe, akapiga. Ikaita. Salio lipo tele, lilinitia aibu kwa mlio mzuri kabisa.

"Ehe!" Sauti ya mama mkwe ikajaa ofisini. "Leo umenipigia wewe? Umeunguza nini?"

"Shikamoo, mama. Siyo mkweo. Mimi ni bosi wake, kazini."

"Marahaba, mwanangu. Kafanya nini tena?"

"Hajafanya kitu, mama." Mhasibu akatabasamu, tabasamu lile lile wanalotufundisha sisi kwa wateja. "Nimesikia Jumapili mna furaha kwenu. Mimi na mume wangu tungependa kuja kumuunga mkono mwenzetu."

Mama mkwe akaanza kucheka, cheko la furaha tupu, sijawahi kulisikia kwake tangu niolewe.

"Karibuni! Karibuni sana! Kumbe huyu mkwe wangu ana watu wa maana namna hii? Na mimi namsema kila siku! Mwambie mama yake kafurahi. Mwambie, asije akasema sijamsifu."

Macho yakanijaa. Nimengoja maneno hayo tangu siku ya ile harusi ya soksi, na yamekuja kunikuta peku ofisini, nikisubiri kufukuzwa.

"Tutamwambia, mama," mhasibu akasema. "Na huyo mchumba tunamjua?"

"Mtamjua tu, ni mtu mkubwa kama nyie. Ngoja nikutumie picha yake humu humu, ilipigwa kwangu juzi. Mkikutana naye njiani msije mkapitana."

Simu ikakatika. Mtandao wa ofisini kwetu ni wa kubembeleza. Simu ikalia, ting, mkononi mwa mhasibu. Picha ikaja na ukungu, rangi rangi tu, na kiduara katikati kinazunguka.

Meneja akashika meza. Midomo yake ilikuwa inacheza bila sauti. Nikaisoma vizuri sana. Shemeji, shemeji, shemeji.

Si yeye niliyemwonea huruma, mniamini. Nilikuwa bado nasikia lile cheko.

"Bosi, acha hiyo simu," nikasema. "Viatu niliviiba mimi."

"Nilijua!" Mashine akapiga kelele.

"Stoo niliikuta wazi. Shetani alinipitia. Mume wangu hajui kitu, nilimfundisha la kusema."

"Haya, kakiri mwenyewe!" Meneja akashusha pumzi ndefu, karatasi za mezani zikapepea. "Mambo yameisha. Mimi nasema tumsamehe, ni kosa la kwanza, ana familia. Mke wangu, hebu lete simu ya watu."

Mhasibu hakuinua uso. Alivaa miwani yake taratibu, akaisogeza simu karibu, akaisogeza mbali, akaisogeza karibu tena. Kiduara kilikuwa kimesimama.

"Umeviiba wewe," akasema.

"Ndiyo, bosi."

"Mashine, umemsikia. Wewe ndiye shahidi."

"Nimemsikia, bosi, neno kwa neno."

"Vizuri. Hilo tumelimaliza." Akaigeuza simu, akaiweka mezani katikati ya vile viatu viwili, uso juu, sote tuone. "Sasa nielezeni na hili. Huyu maskini aliyekaa kwenye kochi la mama mkwe wako, kama mkewe alishakufa, hilo shati alilovaa kampigia pasi nani?"